Nimeambiwa Niwape Dawa ya Mafua Walale Mpaka Kanada

Mshauri mpendwa, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, kwa sababu siku ya kusafiri imekaribia na kila ninayemuuliza ananicheka au ananitisha. Mimi ni kijana mwanamume, sijaoa, ni karani katika ofisi ya mawakili hapa katikati ya jiji, kazi yangu ni kupanga majalada na kupeleka stakabadhi mahakamani, na ninakaa Riruta, si mbali na Barabara ya Naivasha, katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na watoto wawili ambao si wangu na ni wangu, ukivumilia kidogo utaelewa ninasema nini.

Watoto hawa ni wa dada yangu mkubwa. Nitamwita Nasimiyu, na majina mengine yote pia nimeyabadilisha. Alipata kazi ya uuguzi Kanada wakati Debra alikuwa bado anatambaa na kaka yake Maxwell alikuwa na miaka mitatu, baba yao alikuwa ameshajiondoa zamani, mama yetu kule Bungoma miguu haimbebi vizuri tena, basi ikaonekana mimi ndiye nitakayebaki nao, pamoja na msichana wa kazi anayeitwa Mbithe, mpaka karatasi zao zitoke. Kwetu Wabukusu mjomba anaitwa khocha, ana heshima yake na majukumu yake ambayo wazee wanayajua, lakini sikuwahi kusikia mzee akitaja kufua nepi. Nilijifunza. Sasa Debra anakaribia miaka mitatu na mama anayemjua ni uso ulio ndani ya simu, anaupungia mkono kisha ananirudia mimi.

Ni lazima nikueleze jinsi dada yangu alivyoondoka, kwa maana naona mambo yote yanatoka hapo. Aliondoka jinsi tunavyoondoka wengi hapa Nairobi kila asubuhi tunapowaacha watoto na msichana wa kazi, yaani mtoto anabebwa dirishani aonyeshwe paka, na mama anatoka kwa mlango wa nyuma akiwa ameshika viatu mkononi ili asisikike. Siku ile tulingoja Debra alale, sanduku lilikuwa limetangulia nyumbani kwa jirani, na Maxwell aliambiwa mama anaenda dukani kununua mkate. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango kungoja huo mkate. Nilimwingiza ndani giza lilipoingia akiwa bado anauliza kama duka limefungwa. Mshauri, mpaka leo Maxwell hali mkate, anakula chapati, anakula viazi vitamu, anakula mandazi hata yaliyolala, lakini mkate anausukuma kando.

Na tangu wakati huo, kila jioni kabla ya kulala, anachukua kiatu changu kimoja cha kazini na kukificha. Mwanzoni nilimgombeza, baadaye nikaacha, kwa sababu asubuhi yeye mwenyewe hukitoa, ila sharti kwanza nimjibu swali lake. Ananisimamia mbele na kuniuliza, "Khocha, unaenda kazi na unarudi?" Nikimwambia naenda na narudi jioni, anakwenda kukitoa huko alikokiweka, nyuma ya mtungi wa gesi au ndani ya sufuria, na ananiletea. Sijawahi kumjibu narudi kisha nisirudi. Hilo tu ndilo jambo ninaloweza kujisifu nalo katika barua hii.

Debra naye halali kitandani. Analala mgongoni, amefungwa leso, unamtembeza kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka kichwa chake kiwe kizito kwenye bega lako, ndipo unamshusha polepole. Mchana Mbithe ndiye anayembeba, na jioni Mbithe akirudi kwao Kangemi, ninambeba mimi. Nafunga mapazia kwanza. Siku moja nilisahau pazia, mwenye nyumba wetu, ambaye nitamwita Mama Cate, akaniona kutoka uani alipokuwa anaanua nguo, akacheka mpaka akashikilia kamba. "Ai! Baba Debra! Kumbe wewe ni mama kabisa!" Jina hilo la Baba Debra ndilo sasa naitwa kwenye ploti yote, na ninaitika.

Sasa karatasi zimetoka. Dada yangu hawezi kupewa likizo ya kuja kuwachukua, kwa hiyo mimi nimepewa viza ya kutembelea, nitawapeleka, nitakaa nao siku chache, kisha nitarudi peke yangu kwa sababu kazi yangu iko hapa na viza yangu hairuhusu zaidi. Tunaondoka usiku, tunalala ndegeni mpaka Ulaya, halafu tunapanda nyingine ya kuvuka bahari. Mimi sijawahi kupanda ndege. Sijui Debra atalala vipi mahali ambapo abiria amefungwa mkanda kitini, na sijui nitamfunga vipi leso mgongoni mbele ya watu wote wale, mwanamume mzima aliyevaa shati la ofisini. Nimesoma ushauri mwingi kwenye mtandao, mmoja unasema wachoshe, mwingine unasema usiwachoshe, mmoja unasema wape kifaa watazame katuni, mwingine unasema katuni ndizo zinazowakatiza usingizi, na kila ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kutetemeka. Ofisini nako nilifanya kosa la kumweleza Wachira, tunayekaa naye meza moja, naye akapaza sauti hadi wateja wakageuka. "Jameni, yaya wetu anaenda majuu!" Kisha akaniambia kwamba aliwahi kukaa mbele ya mtoto aliyelia kutoka Nairobi hadi ndege ikatua. "Boss, abiria walikuwa wanamwangalia baba yake kama mwizi wa kuku. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuwafungulia dirisha watoke." Alikuwa anatania, najua, lakini tangu siku hiyo nikifumba macho naona zile nyuso.

Ndipo Mama Cate akaniletea chupa. Ni dawa ya mafua ya watoto, ile ya maji, tamu, inayouzwa kila duka la dawa. Akaiweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta sukari.

"Hii ndiyo nililea nayo Cate," akasema. "Ukiwa na safari, kijiko. Ukiwa na harusi, kijiko. Mtoto analala kama gunia, wewe unastarehe."

Nikamwambia, "Lakini Mama Cate, hana mafua."

"Kwani mafua yataka barua? Mpe. Lakini jaribu kwanza hapa nyumbani, kuna wengine badala ya kulala wanawaka kama stima. Usije ukagundua hayo ukiwa juu mawinguni."

Mimi ni mtu mwangalifu, Mshauri. Ofisini nasoma hati mara mbili kabla ya kuigonga muhuri. Na uangalifu huo huo ndio ulionifanya nikubali, kwa sababu kujaribu kwanza kulionekana ni jambo la busara. Jumamosi iliyopita baada ya chakula cha mchana nilimpa Debra kijiko, na kwa kuwa ni mtoto mkubwa kwa umri wake na sikutaka jaribio lishindwe, nikaongeza kidogo. Hakuhitaji leso. Hakuhitaji kutembezwa. Alilala sakafuni pale pale alipokuwa anacheza na vifuniko vya chupa, na nilipomwinua mkono wake ulianguka kama si wake. Alikuwa anapumua, lakini pumzi moja ilikuwa inakuja ikichelewa, na nyingine ikichelewa zaidi, nikamwita, nikamgusa shavu kwa maji, nikamwita tena, alifungua macho yasiyonitazama na kuyafumba. Nilikaa nikimshika kifuani kuhesabu pumzi mpaka jua la mchana likahama dirishani. Sikumpeleka hospitali. Niliogopa kuulizwa mimi ni nani wake na nimempa nini.

Maxwell alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, nami sikumwona. Aliposema ndipo nilipogeuka. Hakuuliza Debra ana nini. Aliuliza, "Khocha, nani anaenda?"

Nikamwambia, "Hakuna anayeenda."

"Debra akilala mchana, mtu anaenda," akasema.

Debra aliamka jioni, akatapika, akala uji, akawa mzima. Lakini Jumatatu asubuhi viatu vyangu havikuwepo, si kimoja, vyote viwili, na Maxwell hakuniuliza swali lake. Nilienda kazini na raba, wakili mkuu akaniangalia miguuni. Mbithe ndiye aliyevipata alasiri, ndani ya ndoo ya unga, vimezikwa.

Jana nilimpigia dada yangu, nikataka kumwambia kuhusu dawa, nikashindwa. Nilimuuliza tu nimwambie nini Maxwell. Akasema, "Usimwambie kitu. Mwambie mnaenda kuona ndege, watoto wa Nairobi wanapenda kupelekwa kuona ndege. Halafu nakuomba kitu kimoja, ndugu yangu, nikiwapokea pale wawe wamelala. Sitaki Debra anililie mbele ya watu. Sitaweza." Nikamuuliza, na mimi nikirudi Nairobi? Akasema, "Ondoka wakiwa usingizini. Ni afadhali hivyo. Mimi si nilifanya hivyo?" Akaanza kulia, mtandao ukakatika, au aliukata.

Kwa hiyo, Mshauri, chupa bado iko juu ya kabati. Nikipunguza dozi je, itakuwa salama? Au kuna dawa nyingine iliyo bora? Na kama hakuna dawa, nitawalaza vipi watoto wawili usiku mzima mahali nisipopajua, mmoja anayelala kwenye leso na mwingine anayelala akiwa ameficha kiatu? Naomba unijibu upesi. Nakuandikia saa ya chakula, wenzangu wameshuka chini, na kila nikisikia hatua kwenye ngazi naifunika karatasi hii kwa jalada.

Khocha mwenye hofu,
Riruta

*

MSHAURI LORNAH ANAJIBU

Khocha wa Riruta, ukimaliza kusoma sentensi hii inuka, chukua chupa iliyo juu ya kabati, imwage chooni na uirudishe tupu kwa Mama Cate. Usijaribu hata dozi ndogo. Usitafute nyingine. Nimemuuliza daktari wa watoto ninayemwamini, naye hakucheka kama mimi nilivyocheka kwa jambo la pazia. Amesema dawa hizo ni za mafua na si za usingizi, kwamba kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza pumzi, na pumzi iliyokuwa ikichelewa ile uliyoihesabu kwa mkono wako ndiyo hatari yenyewe. Umebahatika. Mama Cate naye alibahatika na Cate wake, na amekuwa akiigawa bahati hiyo kwa kijiko kwenye ploti nzima. Huko angani hewa ni nyepesi na hakuna hospitali ya kukimbilia. Hata hapa chini ulikuwa na hospitali na hukuenda. Hilo nalikasirikia zaidi ya dawa. Uliogopa kuulizwa wewe ni nani wake. Ungejibu, mimi ni mjomba wake na nimekosea, nimempa dawa hii, kiasi hiki. Daktari anahitaji jibu hilo tu. Siku nyingine mtoto akilala usiweze kumwamsha, unakimbia naye, na aibu unaiacha nyumbani.

Haya, nimemaliza kugomba kwa upande huo. Sasa tuzungumze usingizi.

Umeniuliza utawalaza vipi mahali usipopajua, na jibu ni kwamba wewe hupajui, lakini wao wanakujua wewe. Mtoto halali kwa sababu ya kitanda. Analala kwa sababu mambo yaliyotangulia usingizi yamekuja kwa mpangilio uleule anaoujua. Kwa hiyo ubebe jioni yenu ya Riruta uingie nayo ndegeni. Kama nyumbani huwa mnanawa uso, mnavaa nguo za kulalia, mnaomba, kisha leso, basi fanya hayo hayo na kwa mpangilio huo huo. Wabadilishie nguo kwenye vyoo vya uwanja wa ndege kabla ya kuingia. Leso isiwe mpya wala iliyofuliwa juzi kwa heshima ya safari. Ichukue ile yenye harufu ya nyumba yenu. Wape chakula wanachokijua kabla ya kupanda, chapati na viazi, usingoje cha ndegeni ambacho huja wakati watoto wameshakasirika. Debra asisinzie garini mkiwa njiani kwenda uwanjani, na mkishafika waache watembee huku na huko wachoke kwa miguu yao wenyewe. Piga simu kwa shirika la ndege kesho, uombe viti vitatu vilivyoshikana, Debra dirishani, wewe katikati, Maxwell upande wako wa pili. Mwambie mhudumu mapema kwamba watoto wakishalala wasiamshwe kwa ajili ya chakula. Katuni wape, ila uzizime mara taa za ndani zikipunguzwa.

Ndege ikiruka na ikishuka, na kila taa ya mkanda ikiwaka, Debra atakaa kitini amefungwa mkanda, alie asilie, hapo hakuna mjadala. Masikio yatamuuma wakati wa kushuka, mpe maji anywe kidogo kidogo. Lakini taa hiyo ikizimika, mwombe mhudumu ruhusa, simama, mfunge mtoto mgongoni na umtembeze kwenye njia ya katikati mpaka kichwa kiwe kizito. Akishalala mshushe kitini, mfunike, na mkanda upite juu ya blanketi wahudumu wauone bila kumfunua.

Ndiyo, mbele ya watu. Ndiyo, na shati la ofisini. Nani kwenye ndege hiyo anakujua? Umefua nepi, umeitika Baba Debra, halafu unataka kumtia mtoto usingizi kwa sumu ili mgeni usiyemjua asikuone na leso? Kama Wachira angekuwa humo ndani angecheka, kisha angelala, kwa sababu mtoto hatakuwa akilia.

Na huenda bado atalia. Jitayarishe kwa hilo. Kuna usiku mtoto hulia hata ufanye yote sawasawa, na abiria watakutazama, na kutakucha. Beba nguo za kubadilisha, za kwako pia.

Lakini, Khocha, wewe ni msomi na unasoma hati mara mbili, kwa hiyo nenda ukaisome barua yako mara ya pili. Dawa ile haikuwa ya safari. Dada yako anataka walale wakati wa kupokewa. Wewe umeambiwa uondoke wakiwa wamelala, na hukukataa. Nyote wawili mnatafuta usingizi wa watoto ili ninyi msitazamwe machoni. Mtoto wa miaka mitano ameshawagundua. Alisema mwenyewe mlangoni, Debra akilala mchana, mtu anaenda. Ndiyo maana halali bila kuficha kiatu. Mvulana huyo ni mlinzi, na mlinzi hawezi kusinzia, si Riruta, si ndegeni. Ukitaka Maxwell alale, mpunguzie zamu.

Utampunguzia kwa kumwambia. Usingoje siku yenyewe, na usimwambie habari za kuona ndege. Mwambie wiki hii, mchana, mkiwa mmekaa, kwa maneno machache: tunaenda kwa mama, tutalala ndani ya ndege, nitakaa nanyi siku chache, kisha mimi nitarudi Nairobi na ninyi mtabaki na mama. Ataficha viatu. Acha afiche. Ataliuliza jambo hilo hilo kila siku mpaka uchoke. Mjibu vilevile kila siku. Ndegeni vua kiatu kimoja umpe akishike mwenyewe. Hakuna mahali pa kutorokea huko juu, naye atakuwa anajua hivyo, na huenda huo ukawa usiku wake wa kwanza wa kulala vizuri.

Sasa dada Nasimiyu, najua ndugu yako atakutumia ukurasa huu, kwa hiyo nazungumza na wewe. Sikulaumu kwa kwenda. Ulienda kutafuta, na watoto wamekula. Lakini Maxwell aliambiwa unaenda kununua mkate, na bado anaungojea. Piga simu hiyo ya video wakati wao wa kulala, hata kama kwako ni wakati wa kujiandaa kwenda zamu, na umwambie mwanao: nilikuambia naenda kununua mkate, haikuwa kweli, nilikuwa naenda mbali, nisamehe. Usieleze mengi. Halafu kila jioni mpaka wasafiri, uwepo kwenye simu wakati Debra anafungwa leso, azoee sauti yako akiwa anasinzia. Na ujitayarishe kulia mbele ya watu pale uwanjani. Debra atakukataa. Atanyoosha mikono kwa mjomba wake na kukupa mgongo, na utasimama pale na koti ulilomnunulia. Hujapoteza mtoto, umekutana naye tu. Ni afadhali akukatae akiwa macho kuliko aamke kitandani mwa mtu asiyemjua na kukuta kila alichokuwa akikijua kimeondoka. Hilo ulilifanya mara moja. Mara ya pili halitasameheka kirahisi.

Khocha, mwambie dada yako kuhusu dawa kabla hujasafiri. Mtoto ni wake, na daktari wa huko anaweza kumuuliza. Ukifika, usiku wa kwanza mbebe wewe. Unaofuata, mwonyeshe dada yako hatua zako, jinsi unavyogeuka dirishani, na umfungie yeye Debra mgongoni kwa leso. Watalia wote wawili. Wewe toka nje ya chumba. Kabla ya siku zako kuisha, uwe unalala mahali pasipo na Debra, uzoee, kwa maana utakaporudi Riruta utajikuta jioni umesimama kati ya mlango na dirisha huna mtu mgongoni, na kwa hilo sina dawa ya kukupa, mimi wala Mama Cate. Leso usirudi nayo.

Na siku ya kuondoka, iwe mchana. Debra awe macho, Maxwell awe macho, sanduku likae sebuleni mahali wanapoliona. Kiatu kimoja kitakuwa hakipo. Usikitafute. Ngoja Maxwell aje akusimamie mbele, akuulize swali lake, unaenda na unarudi? Hujawahi kumjibu uongo, usianze siku hiyo. Mwambie: naenda, na jioni sirudi. Kisha mwombe akuletee kiatu, na ungoje. Huenda akakileta. Asipokileta, ni haki yake. Vaa raba zako, mkumbatie, na utoke kwa mlango wa mbele, polepole, akikutazama.